Mutuhesabu kwanza, makofi yatakuja nyuma

Ndugu na dada, vijana wenzangu wa Likasi, wa Kambove, wa Lubumbashi na popote munaposoma hii,

Mwezi wa ine 2025 simu yangu ilijaa picha ya muzee mumoja wa miwani. Kila statusi ni yeye. "Mutoto wa Likasi." "Fahari ya Katanga." "Lala salama, profesa." Alikuwa Valentin-Yves Mudimbe, amefariki kule Marekani. Na mimi niliweka picha yake, na mishumaa mitatu chini. Saa moja haikupita, rafiki yangu akaniandikia: "We, ulisoma kitabu gani yake?" Sikujibu. Niliondoa ile picha kimya kimya.

Haya ile njo ilinifanya nitafute. Mudimbe alizaliwa hapa mwaka 1941, wakati muji wetu ulikuwa bado unaitwa Jadotville. Jina la Likasi liliwekwa mwaka 1966. Alisoma seminari, akaingia kwa wamonaki Wabenedikto huko Rwanda, akaacha, akaenda Lovanium kule Kinshasa, kisha Louvain, Ubelgiji, ambako alipata doktora mwaka 1970. Na akarudi. Hii watu wanaisahau sana: alirudi. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vitatu vya inchi kuwa kimoja, UNAZA, na masomo ya lugha na falsafa yakawekwa Lubumbashi. Mudimbe alifundisha pale, kwa mwendo wa masaa mawili ao matatu kutoka hapa kwetu, mpaka chama cha MPR kikataka kumuingiza ndani ya kamati yake kuu. Kukataa wakati ule haikuwa mambo ya kuchekelea. Karibu na mwaka 1980 akaondoka, akaenda Marekani. Huko alifundisha Haverford, Stanford, Duke. Kitabu chake The Invention of Africa kilitoka 1988, na mwaka 1989 kikapewa zawadi ya Herskovits, ile wasomi wa mambo ya Afrika kule Marekani wanatoa kwa kitabu bora.

Kitabu kinasema nini? Kwa kifupi, na watu wa falsafa wanisamehe: kinaonyesha namna wazungu, wasafiri, wamisionari na wasomi wao, walijenga picha ya Afrika ndani ya maandishi yao, mpaka sisi wenyewe tukaanza kujiangalia kupitia picha ile. Sasa angalia sisi. Mutu aliyeandika hayo, mutoto wa hapa, tulimujua sababu Wamarekani walimujua. Tulingoja wao watuambie ni mutu mukubwa, kisha tukaweka mishumaa. Na yeye vitabu vyake vya nyumbani alivitoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ni nani kati yetu aliyepiga picha mbele ya vile vitabu? Mimi hapana.

Sisemi Wamarekani walifanya mubaya. Walifanya vizuri. Nauliza sisi tulikuwa tunafanya nini wakati wao wanafanya.

Niwape mufano mumoja wa namna wengine wanafanya kazi hii. Waingereza, kupitia British Council, wako na zawadi inaitwa Study UK Alumni Awards. Alumni ni wale waliomaliza chuo. Kuna makundi mane: sayansi na mazingira, utamaduni na ubunifu, kazi ya kusaidia jamii, na biashara. Zawadi haiko ya Waingereza wenyewe, iko ya wageni waliosoma kwao, ndani ya miaka 15 ya nyuma. Kuna washindi wa Nijeria, wa Pakistani, wa India. Fikiri kidogo: mutu alienda kusoma mwaka mumoja tu, akarudi kwao, akafungua kliniki kidogo, na miaka 12 baadaye chuo bado kinajua jina lake, kazi yake na emaili yake. Najua haiko upendo tu. Mutu akishinda, picha yake inavuta wanafunzi wengine wenye kulipa pesa nyingi. Ni biashara. Lakini hata biashara inaomba daftari. Huwezi kumupatia mutu zawadi kama hujui aliko.

Na hapa njo nafika kwa maneno yangu mwenyewe.

Mwaka 2023 nilikuwa najaza fomu ya burse ya kusoma inje. Majina, sawa. Pointi, sawa. Barua ya profesa, ile nayo nilipata kisha majuma sita ya kumungojea kwenye parkingi. Ukurasa wa tatu kulikuwa na mustari: andika anwani ya ofisi ya alumni ya chuo chako. Nikapanda basi, nikaenda kwa chuo nilikosoma. Sitakitaja jina, na wenzangu wa vyuo vingine wananiambia kwao ni vilevile. Kwa sekretaria nilikuta mama mumoja, muzuri kabisa, anakula karanga.

"Mama, natafuta ofisi ya alumni."

"Alumni njo nani? Iko profesa mupya?"

Nilicheka, naye akacheka. Nikamuelezea. Akaweka karanga chini, akafikiri kweli, kisha akasema: "Siye tuko na banafunzi. Benye balimaliza, balisha kwenda." Na akaona sura yangu, akanihurumia: "Andika tu namba yangu, mutoto yangu. Bakipiga, ntasema nakujua."

Niliandika namba yake. Sijui kama walipiga. Burse sikupata, na sisemi ni juu ya ile mustari, tulikuwa wengi sana tuliojaza. Lakini nilirudi na lile neno: balisha kwenda. Miaka mitano nimelipa kwa chuo, mama yangu ameuza unga wa bukari kidogo kidogo mbele ya nyumba ili nilipe, na siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho nimevaa koti ya kuazima. Kesho yake chuo hakijui kama niko muzima. Diploma yenyewe ya karatasi ngumu mpaka leo sijaishika. Niko na atestasio, na kila mwajiri anaomba "orijinali".

Naandika kutoka Koni. Kwa wenye hawapajui: maji ya Lufira yanaanguka Mwadingusha, kisha yanashuka kwetu, na yote mawili yanazungusha mashine za kuran. Za Mwadingusha zilianza mwaka 1930, zetu za Koni mwaka 1950, na wakati wa wazungu waliziita Bia. Mwadingusha ilitengenezwa upya, na mwaka 2021 mashine zake zikarudi kufanya kazi na nguvu ya megawati 78, juu ya kusaidia pia mugodi wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi. Nimekomaa na sauti ya maji yale. Juu yake nilichagua kusoma elektromekaniki. Leo niko injenieri wa kuchajisha simu za watu, mia tano mia tano, na usiku kuran ikikatika nasoma na tochi ya simu ya muteja, kwa kuiba kidogo.

Kwa sababu hiyo kuna jina moja linanigusa kuliko yote: Sandrine Mubenga. Alipokuwa msichana wa miaka 17, kule Kikwit, aliugua apendisi, akahitaji kupasuliwa haraka, na hospitali haikuwa na kuran. Familia ikakimbia kutafuta mafuta ya jenereta. Aliokoka, na akaamua kusoma umeme. Alienda chuo cha Toledo, jimbo la Ohio, akawa injenieri, akapata doktora, akatengeneza namna ya kusawazisha batri ili zidumu, akawa mwalimu palepale. Wamarekani wakamupa zawadi na heshima. Yeye akaanzisha STEM DRC, inayolipia vijana masomo hapa Kongo, na mwaka 2020 akateuliwa kuongoza ofisi ya Serikali inayosimamia mambo ya umeme, ARE. Angalia njia yote hiyo: kitu kilichomufanya asome kilitoka Kikwit, si Ohio. Kikwit ilitoa sababu, Toledo ilitoa laboratwari, na Toledo njo iliandika jina lake kwenye daftari.

Sasa wako watakaoniambia: wenye kutambuliwa ni wenye kutoka, mutu akibaki hapa hafanyi kitu. Hapana. Jean-Jacques Muyembe alisoma udaktari Lovanium, akafanya doktora Leuven, akarudi, akabaki. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, ambako watu walikuwa wanakufa na homa isiyo na jina. Aligusa wagonjwa na mikono mitupu, akanawa na maji na sabuni, Mungu akamulinda. Alirudi Kinshasa na sista mumoja mugonjwa, damu ya sista ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na kule wakaona virusi tunayoita leo Ebola. Miaka mingi hadithi ile ilisimuliwa na majina ya Wabelgiji na Wamarekani. Yeye alikuwa anaendelea na kazi, milipuko baada ya milipuko. Mwaka 2019 Japani ikamupa zawadi ya Hideyo Noguchi, yeni milioni 100. Mwaka 2020, mwezi wa 12, Marekani ikakubali dawa ya Ebanga, iliyotoka ndani ya utafiti wake na wenzake. Kutoka Yambuku mpaka Japani ni miaka 43. Kazi ilifanywa hapa, na mutu alikuwa hapa, tena mbele ya macho yetu. Kilichokosekana ni mutu wa kuandika.

Kuna wakati inchi hii iliwajua wasomi wake wote kwa majina, na haikuwa wakati wa furaha. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, tulipopata uhuru, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30. Thomas Kanza, ambaye wa kwanza wao walimuhesabu yeye, alimaliza Louvain mwaka 1956. Wabelgiji walitunyima shule, hilo linajulikana. Lakini ona kichekesho: wakati ule mutu angeweza kuwahesabu wote kwenye vidole vya familia moja. Leo tunatoka kwa maelfu kila mwaka, na hakuna anayejua tuko wapi.

Basi sisi tulijaribu. Mimi na wenzangu watatu wa promosio tulifungua kundi la WhatsApp, tukachukua karatasi ya majina ya siku ya mwisho, ile ilibandikwa kwenye ukuta, mumoja wetu aliipiga picha wakati ule. Majina 31. Tukaanza kupiga simu moja moja. Ilituomba wiki tatu, sababu ya mega na sababu watu wanabadilisha namba kila siku.

Wanne wako kwa migodi, lakini kupitia kampuni ndogo za kukodisha watu, mukataba wa miezi mitatu mitatu. Mumoja tu kati ya wanne anafanya kazi aliyosomea. Wawili wanafundisha hesabu kwa shule za sekondari, na wazazi njo wanawalipa. Mumoja yuko Ndola, Zambia, anatengeneza mota za pampu, na yeye njo mwenye pesa kidogo. Watano wanaendesha taksi-moto. Wasichana tulikuwa sita. Wawili wameolewa na wanasema "kwa sasa niko nyumbani", mumoja anauza nguo za balo, mumoja ni karani wa duka, na wa tano alitujibu kwa sauti ya dakika ine ambayo sitaiandika hapa. Wa sita ni mimi. Saba wanasema "natafuta", na neno hilo liko na sura nyingi. Wanne wako kwenye mashimo, wanachimba malakiti na kuuza kwa mifuko. Mumoja alikuwa wa tatu kwa pointi mwaka wetu. Udongo ulimufunika mwaka jana. Tulijua siku ile tulipopiga simu yake, dada yake njo alipokea. Chuo hakijui. Nani angekiambia? Ndani ya daftari lao, kama liko, yeye ni "aliyemaliza na sifa".

Wawili bado hatujawapata.

Niliona kitu kingine ndani ya zile simu. Yule wa Ndola, kule walipo amefundisha vijana kumi na mumoja kufunga mota upya, bila mashine, na mikono. Mumoja wa taksi-moto ametengeneza kifaa cha kuzima moto wa pikipiki kwa simu, ikiibiwa. Wenzake sita wameshanunua. Mumoja wa walimu, wanafunzi wake wote walipita egizamani ya Serikali kwa hesabu. Hizi ni kazi. Zingekuwa za mutu aliyesoma Leeds ao Toledo, mutu angezikuta, angeandika kijitabu, angeweka picha na kumuita kwenye jukwaa. Za kwetu zinakaa ndani ya simu yangu, kwenye noti ya sauti.

Kwa hiyo sioni mubaya mawaziri kutuma hongera kila wakati Mukongomani anapopata zawadi ya inje. Watume. Lakini hongera haina gharama, na daftari liko na gharama kidogo sana. Ninachoomba, na nadhani wengi munaona vilevile, ni kwamba kila chuo kikuu cha hapa Haut-Katanga, cha Serikali ao cha watu binafsi, kiandike kila mutu aliyemaliza, kimupigie simu mara moja kwa mwaka, na kitangaze: wangapi wanafanya kazi waliyosomea, wangapi hapana. Majina yakae siri, hesabu iwe wazi. Mzazi anayeuza bukari ajue anaweka pesa wapi. Na diploma itolewe siku mutu anapomaliza. Atestasio isiwe kitu cha kuzeeka nacho. Kuhusu pesa, tusidanganyane. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba kila kampuni ya kuchimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mugodi. Watu wanapanga visima, madarasa, vituo vya afya, sawa kabisa. Karani mumoja, kompyuta moja na mega za mwaka mzima kwa kila chuo haviwezi kuangusha kampuni yoyote.

Najua jibu lingine, nimelisikia kwa mujomba wangu mezani: "Bata kuhesabu namna gani, ukihesabiwa utakula hesabu?" Mujomba, hapana, sitaila. Lakini yule wa tatu kwa pointi, kama kungekuwa na mutu kwa kiti fulani mwenye kazi ya kuuliza, mwaka wa kwanza, "uko wapi, unafanya nini", labda angeandikwa mahali kwamba mwanafunzi bora wa elektromekaniki anaingia shimoni. Labda mutu mumoja angesoma na kuona haya. Sina uhakika. Leo hakuna hata mutu wa kuona haya, sababu hakuna kilichoandikwa.

Wakati tunangoja vyuo, tuanze sisi. Kila promosio ichukue karatasi yake ya majina. Watu watatu ao wane wanatosha. Uliza mambo mane tu: uko wapi, unafanya kazi gani, ni kazi uliyosomea, diploma umeshika? Usiandike kitu ambacho mutu hataki. Waliofariki waandikeni pia, na mwaka, na sababu kama familia inakubali. Musitume kwa mitandao. Leteni kwa mukutano wetu wa Likasi ao wa Lubumbashi, tutaweka pamoja na kubeba kwa wakuu wa vyuo, kwa mikono, na barua ya kupokea yenye muhuri.

Ya kwetu iko tayari, majina 31, kurasa mbili, nimeandika na bik sababu printa ya hapa inaomba kuran. Wale wawili tunaowatafuta walimaliza nasi elektromekaniki mwaka 2022, mumoja alikuwa anakaa Shituru, mwingine walisema alienda upande wa Kasumbalesa. Kama ni wewe unasoma, ao unawajua, mwambie: hatukudai kitu. Tunataka tu kujua uko wapi.

Dada yenu wa Koni, injenieri